Hisabati ya Koleji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Otilia alikimbia kwenye ngazi za jengo lao. Familia yake ilikaa ghorofa ya kumi na mbili, katika jengo moja la kupanga huko Flemingdon Park, mjini Toronto. Wakati wa baridi kali, njia za nje zikiwa zimeganda barafu, ngazi ndizo zilizokuwa uwanja wake. Alishuka taratibu hadi chini, akageuka, akapanda kwa kasi mpaka mlangoni kwao, kisha akashuka tena. Hakupumzika mpaka miguu ilipoanza kutetemeka.

Mama yake, Leokadia, alikuwa akifunga viatu vya kazini. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee.

"Umemaliza kuwaamsha majirani?" alimwuliza. "Oga upesi, uji unapoa."

Otilia alicheka, akajibu kwa Kiingereza. Ndivyo walivyo watoto wengi waliokulia huko. Kiswahili alikielewa chote, ila kilitoka kinywani mwake kwa nadra, kama nguo inayovaliwa sikukuu tu.

Alikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa darasa la kumi na moja, na mbio zake zilikuwa za mita mia nane. Mwaka uliopita hakuna msichana wa rika lake katika shule za jirani aliyeuona uso wake mbioni. Wote waliuona mgongo. Kocha wa shule alikuwa amepeleka picha za mbio hizo kwa makocha wa vyuo vikuu vya Marekani, na mmoja wao alikuwa amejibu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, kocha huyo alipiga simu ya video. Aliitwa Haskell, mwanamke mwenye sauti ya upole na macho yasiyopepesa. Baba yake Otilia, Mzee Silvanus, alikaa kando ya binti yake akiwa amevaa koti la suti juu ya suruali ya kazi. Mama alisimama nyuma ya kochi.

"Mbio zako nimeziona," alisema Kocha Haskell kwa Kiingereza. "Nakutaka kwenye timu yangu, na kuna ufadhili wa masomo. Mwezi wa Aprili njoo na mzazi wako muione shule yetu. Lakini miguu peke yake haitoshi. Kuna ofisi inayokagua masomo ya kila mwanamichezo kabla hajaruhusiwa kushindana. Mwaka jana msichana wangu mmoja alikaa jukwaani msimu mzima, mwenye afya kamili, kwa sababu ya somo moja tu. Kwa hiyo nauliza mapema. Hisabati ya mwaka huu umekwisha kuisoma?"

"Ndiyo," alijibu Otilia. "Nimeimaliza Januari. Nimepata themanini na nane."

"Vizuri. Ni ile ya wanafunzi wanaokwenda chuo kikuu, siyo? Maana ile nyingine ofisi haiihesabu."

Otilia alikuwa kama mtu aliyekanyaga barafu akasikia inapasuka chini ya kiatu.

Mwaka uliopita, wakati wa kuchagua masomo, waliwekewa hisabati za aina mbili: ya chuo kikuu na ya koleji. Ile ya kwanza ilisemekana kuwa ngumu. Otilia alimwuliza mama yake achukue ipi. Mama alikuwa amechoka na kazi, na alikuwa amewasikia watu wa riadha wakizungumza kila siku juu ya koleji za Marekani. Akasema, "Koleji si ndiyo chuo? Na wewe si unakwenda koleji ya Marekani? Chukua hisabati ya koleji, basi." Mwalimu alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba mwenye shaka amwone mwalimu mshauri. Otilia hakwenda. Hisabati ya koleji ilikuwa nyepesi, naye alifurahi kupewa sababu ya kuichukua.

Sasa kocha alikuwa akisubiri. Baba alikuwa akitabasamu.

"Ndiyo," Otilia alisema. "Ni hiyo hiyo."

"Safi sana," alisema kocha.

Simu ilipokatika, Baba alisimama akamshika mabega. "Timu yao iko divisheni gani?"

"Ya kwanza, Baba. Division One, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo."

"Divisheni wani," alirudia Baba, akaketi tena polepole, kana kwamba maneno yenyewe yalikuwa mazito kuyabeba akiwa amesimama.

Kesho yake, baada ya misa, Watanzania wenzao walikunywa chai katika ukumbi wa kanisa. Baba hakuweza kujizuia. Aliwaambia watu wawili, na hao wakawaambia wengine, na kwa kuwa kwao Tanzania divisheni ni matokeo ya mtihani, habari ilizunguka ukumbi ikarudi ikiwa na sura nyingine. Mama mmoja wa kwaya alimkumbatia Otilia.

"Hongera, mwanangu. Divisheni wani siku hizi si mchezo. Umepata pointi ngapi?"

"Si mtihani, shangazi," alisema Otilia. "Ni mbio."

"Mbio, mtihani, yote ni kichwa," alisema mama yule. "Ukiwa na kichwa kibovu hata njia ya kukimbilia huioni."

Watu walicheka. Otilia naye alijaribu kucheka. Kila aliyempa mkono alimpa hofu mpya. Alimwona Baba upande wa pili wa ukumbi, amesimama wima kuliko siku zote, na akawaza: siku wakijua, atasimama wapi?

Kuanzia hapo hofu ilihamia kwao. Simu ikilia, aliruka. Mwalimu akitaja jina lake, aliangusha kalamu. Wakati wa baridi timu ya riadha ilifanya mazoezi katika korido za shule baada ya masomo, na wasichana ambao hawakuwahi kumkaribia walianza kumpita mbele ya makabati.

"Una nini wewe?" aliuliza Faudhia, rafiki yake, ambaye wazazi wake walitoka Tanga. "Unakimbia kama umebeba friji."

Otilia alimvuta kando, akamweleza yote. Faudhia alitazama huku na huko.

"Kuna mahali," alisema kwa sauti ya chini. "Mvulana mmoja wa mpira wa kikapu alinieleza. Ni shule ya binafsi, iko juu ya duka la vitambaa, kule kwenye maduka karibu na barabara ya Eglinton. Unalipa, wanakuandikia kwamba umesoma kwao. Ile hisabati unaipata ndani ya wiki mbili."

"Ninaisoma kwa wiki mbili?"

"Nani amesema kusoma?"

Otilia alijua kwamba jambo hilo ni baya. Lakini mfa maji hukamata maji, na siku ya pili, baada ya shule, alishuka basi karibu na maduka hayo, akapanda ngazi nyembamba kando ya duka la vitambaa. Ndani kulikuwa na chumba chenye viti vichache na ubao mweupe ambao hakuna aliyewahi kuuandikia. Nailoni yake ya dukani ilikuwa bado haijabanduliwa. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Mwanamume mmoja alikuwa akila wali kwenye kopo la plastiki.

"Somo gani?" aliuliza bila kusimama.

"Hisabati. Darasa la kumi na moja. Ya chuo kikuu."

"Unataka alama ngapi?"

Otilia alidhani hakusikia vizuri. "Samahani?"

"Alama. Themanini? Tisini? Usichukue mia, watu watauliza." Alimeza wali. "Na uchague haraka, nataka kufunga."

Aliuliza kama muuza duka anavyouliza kilo ngapi za sukari. Otilia alifungua mdomo, na kwa mshangao wake akajisikia akisema, "Themanini na tano."

"Sawa. Wiki ijayo lete fedha na jina lako kamili."

Aliteremka ngazi akishika ukuta. Kwenye kituo cha basi upepo ulimkata uso, lakini si upepo uliomsumbua. Yule mtu hakumwuliza hata mara moja kama anajua hisabati. Alimwuliza jina lake kamili. Jina lake kamili lilikuwa na jina la baba yake ndani yake, na jina hilo lingekwenda kukaa kando ya alama ya uwongo, likisubiri mtu alichunguze. Leo ofisi ya Marekani, kesho nani? Angeogopa mwaka huu, na mwaka ujao, na kila mbio ambayo angeshinda angeishinda akigeuka nyuma kutazama. Basi lilifika. Kabla halijafika Flemingdon Park alikuwa ameamua, na kuamua kwenyewe hakukumwondolea hofu. Kuliiongeza.

Mama alikuwa jikoni akikaanga ndizi. Baba alikuwa sebuleni akitazama habari.

"Mama," alisema Otilia, "nimefanya jambo baya."

Alisema kwa Kiswahili. Mama alizima jiko papo hapo. Mtoto huyu akisema Kiswahili bila kuombwa, jambo ni kubwa.

"Baba Otilia, njoo huku," aliita.

Otilia alieleza akiwa amesimama, macho yakiwa sakafuni. Alieleza habari ya hisabati, ya kocha, na ya chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Maneno mengine hakuyajua kwa Kiswahili, akayasema kwa Kiingereza, akarudi tena. Akamaliza. Alisikia mafuta yakipoa kwenye kikaango.

"Umelipa?" aliuliza Baba.

"Hapana."

"Jina umetoa?"

"Bado, Baba."

Baba alikwenda dirishani. Alikaa huko muda mrefu, akitazama magari yakishuka bondeni. Otilia aliogopa ule mgongo kuliko ambavyo angeogopa kofi.

"Nimesimama kanisani," Baba alisema hatimaye, bila kugeuka. "Nimewaambia watu."

"Mimi ndiye niliyemwambia achukue ya koleji," alisema Mama. "Kosa ni langu. Nilidhani koleji ni koleji."

"Neno ulilikosea wewe, mama yake," alisema Baba, akageuka sasa. "Hilo si dhambi, hata mimi ningelikosea. Lakini ile 'ndiyo' aliyomwambia kocha, hiyo aliisema yeye, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, nikicheka kama mjinga." Alimtazama binti yake. "Kesho tunakwenda shuleni. Mimi na wewe."

Mwalimu mshauri aliitwa Bi Parin. Otilia alikuwa amempita mlangoni mara nyingi lakini hakuwahi kuingia. Alikuwa mwanamke mwenye mvi, Mhindi Mwismaili, na aliposikia lafudhi ya Baba aliacha Kiingereza chake mara moja.

"Karibuni, kaeni. Mimi mtu wa Moshi, Baba Otilia. Baba yangu alikuwa na duka pale, nimekua nikipima maharage. Haya, nani amekufa? Maana nyuso zenu ni za msiba."

Baba alimwambia Otilia, "Sema wewe."

Akasema tena yote, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Bi Parin alisikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye swali la alama ngapi, mwalimu alivua miwani yake, akaifuta ingawa haikuwa chafu.

"Kwanza tulimalize hili la neno," alisema. "Huku kwetu Ontario, koleji ni chuo cha ufundi na mafunzo ya kazi. Ni chuo kizuri, mtoto wangu mwenyewe amesoma huko. Lakini si chuo kikuu. Ukivuka mpaka, Wamarekani hicho chuo kikuu chenyewe ndicho wanachokiita koleji. Neno ni moja, maana mbili, na mpaka umepita katikati. Si wewe wa kwanza kuangukia hapo. Ungekuja kuniuliza, ningekwambia kwa dakika mbili."

"Niliogopa utanipa ile ngumu," alisema Otilia.

"Ningekupa ile ngumu," alikubali Bi Parin. "Na leo ungekuwa umeimaliza."

Baba aliuliza kama kuna njia. Bi Parin alisema ipo. Muhula mpya ulikuwa umeanza majuma machache tu. Mwalimu Nurudin alikuwa akifundisha hisabati ya chuo kikuu, na angemkubali mwanafunzi aliyechelewa kama angekuja asubuhi kabla ya masomo kufidia alichokosa.

"Ila atakimbia lini?" aliuliza Baba.

"Hilo ni lake. Mimi kazi yangu ni masomo." Bi Parin alimgeukia Otilia. "Na yule mtu wa wali, usirudi kwake. Ile ofisi ya Marekani inazijua shule za namna hiyo. Wakikukamata, hawatakufutia somo moja tu, watakufutia jina. Sasa limebaki moja, na hilo siwezi kukufanyia. Mpigie kocha, umwambie ulimdanganya."

"Je, akinikataa?"

"Anaweza kukukataa," alisema Bi Parin. Hakuongeza neno la kumtuliza.

Walipiga simu hiyo hapo hapo ofisini. Otilia aliomba wasubiri hadi kesho. Baba alitikisa kichwa. Simu iliita upande wa pili. Uso wa Kocha Haskell ukatokea, nyuma yake uwanja wa ndani wenye njia nyekundu.

"Otilia. Kuna habari gani?"

"Hisabati niliyosoma ni ile nyingine," Otilia alisema haraka, kabla ujasiri haujamwishia. "Ile isiyohesabiwa. Uliponiuliza nilijua, na nikakudanganya. Samahani."

Kocha alisogea karibu na kamera. Nyuma yake mtu alipuliza filimbi.

"Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Baba alikuwa anatabasamu," alisema Otilia. "Nikaogopa."

Baba alitazama viatu vyake.

"Nisikilize," alisema kocha. "Ile safari ya Aprili imefutwa. Nafasi niliyokuwekea naifungua. Kuna wasichana wengine. Somo ukilimaliza Juni, nitumie alama. Siahidi kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Basi soma."

Njiani kurudi nyumbani, wakiwa ndani ya basi, Otilia alilia kimya kimya, uso ameuelekeza dirishani. Baba hakumwambia anyamaze. Baadaye alisema tu, "Jumapili nitawaambia kanisani kwamba nilisema mapema."

"Nitawaambia mwenyewe, Baba."

Na aliwaambia, mbele ya birika la chai. Yule mama wa kwaya alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Pole, mwanangu. Hata kichwa kizuri hupoteza njia," akamjazia kikombe.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Ngazi za asubuhi ilibidi aziache, kwa maana saa moja na nusu alikuwa tayari mbele ya Mwalimu Nurudin, akiwa na usingizi machoni na milinganyo kwenye ubao. Jaribio la kwanza alipata thelathini na nne. Hofu ilirudi, kubwa kuliko ya zamani, kwa sababu sasa hakukuwa na pa kuificha. Alikwenda kwa mwalimu akamwonyesha mahali alipokwama. Mwalimu Nurudin hakuwa mtu wa maneno. Alifuta ubao, akaanza upya kuanzia hesabu za mwaka uliotangulia. Jaribio la pili alipata hamsini na moja. La tatu hamsini na tisa. Faudhia alimshikia saa korido zilipokuwa tupu, akimtania kwamba friji limepungua, sasa amebeba jiko tu.

Mwezi wa Mei, mbio za shule za jiji, Otilia alishika nafasi ya tatu. Miguu haikuwa imepata mazoezi ya kutosha, naye alilijua hilo. Lakini aliona kitu kimoja kwenye mzunguko wa mwisho: hakugeuka nyuma hata mara moja.

Alama za mwisho zilitoka Juni. Alipata sabini na mbili. Haikuwa themanini na tano, na ilikuwa yake yote. Aliituma kwa Kocha Haskell siku hiyo hiyo, akasubiri karibu juma zima mpaka simu ilipolia.

"Nafasi yenye ufadhili kamili imekwisha kuchukuliwa," alisema kocha. "Ninayo yenye nusu. Nusu nyingine mtaitafuta kwa misaada ya chuo, mwalimu wako atajua jinsi. Na mwaka ujao nataka hisabati nyingine ya chuo kikuu juu ya hii. Njoo Septemba uione shule. Uje na huyo baba anayetabasamu."

Siku ya mwisho ya shule, Otilia alipita kwa Bi Parin kumshukuru, Baba akiwa pamoja naye. Mwalimu alikuwa akipanga vitabu kwenye maboksi. Alimwuliza Otilia kama bado anaogopa.

"Bado," alisema Otilia kwa Kiswahili. "Naogopa mwaka ujao. Naogopa nitashindwa."

"Vizuri," alisema Bi Parin. "Hofu si adui yako, mwanangu. Siku ile kocha alipokuuliza, hofu ilikuambia kuna jambo halijakaa sawa, na ilikuambia kweli. Ilikuwa inakuambia, sema. Wewe ukasikia, ficha. Hapo ndipo ulipokosea. Mwaka ujao ukiogopa, usiende kupanda ngazi za watu wanaouza alama. Njoo hapa, au nenda kwa Mwalimu Nurudin, au kwa huyu baba yako, useme umekwama wapi. Aliyekwama akasema, anasaidiwa. Aliyekwama akanyamaza, anabaki peke yake, hata kama ukumbi mzima unampigia makofi."

Baba aliliinua boksi zito kuliko yote. "Hili linakwenda wapi, mwalimu?" aliuliza.